Kafuta logi zote, sasa tunamkamataje?

Mvamizi akishafuta logi za Windows (rekodi za kila kinachotokea kwenye kompyuta) si ndo basi tena?
Wapi, hapo ndo kajichongea. Logi ya Security (ile ya usalama, nani kaingia na kadhalika) ikifutwa, Windows inaandika tukio namba 1102 kwenye logi hiyo hiyo iliyobaki tupu, na akaunti iliyofuta inatajwa kwa jina (ikifutwa ile ya System, ya mfumo wenyewe, inaandikwa 104). Kwa hiyo unafungua unakuta mstari wa kwanza kabisa ni 1102, saa 8:47 usiku, jina la admini ambaye muda huo alikuwa anakoroma, sasa hapo unamtafuta aliyeiba paswedi yake. Mimi nikiona 1102 ambayo hakuna aliyeniaga nayo naacha kila kitu.

Akiizima tu huduma ya kuandika logi bila kufuta?
Akiizima kawaida linabaki tukio namba 1100. Wajanja zaidi wanaiua kwa ndani, ukiangalia unaambiwa huduma ipo hewani kumbe haiandiki kitu. Hawa unawashika kwa ukimya, seva inayomwaga matukio kila dakika ikinyamaza ghafla dakika 40 basi weka alamu ya kukuamsha, watu wengi wanaweka alamu za kelele tu.

Linux je?
Kule logi nyingi ni mafaili ya maandishi tu, mwenye root (akaunti yenye mamlaka yote) anachomoa mistari yake anaacha ya wengine, ngumu kidogo. Tafuta vinavyopingana: auth.log (faili la maandishi la wanaoingia) inasema hakuna aliyeingia ila wtmp (rekodi nyingine ya wanaoingia) inaonyesha mtu, au .bash_history (faili la amri alizoandika mtu) ya mtu anayeshinda kwenye terminal, dirisha la kuandika amri, ina baiti 0, yaani tupu.

Logi yangu inaanzia jana, nimevamiwa?
Kama hakuna 1102 huenda imejaa tu. Logi ya Security inakuja na nafasi ya MB 20, zikijaa inafuta za zamani yenyewe. Ongeza saizi bwana.

Kinga ni ipi?
Logi zitume kwenye seva nyingine papo hapo, sio kila usiku. NotPetya, programu hasidi ya mwaka 2017, ilifuta logi kwa wevtutil, kifaa cha Windows yenyewe, kwa hiyo antivirusi usiitegemee sana, ila nakala iliyokwisha kutoka nje amri hiyo haiifikii. Na hiyo seva ya logi isifunguliwe na akaunti ile ile ya admini wa kila siku, maana mvamizi akiipata akaunti hiyo anahamia na huko kufagia.