Kabla ya kuuita zabibu mwitu, angalia kikono kinatokea wapi

Wengi wakiona kichala cha matunda meusi kwenye mmea uliopanda mti, huuita zabibu mwitu papo hapo. Tunda jeusi na jani la umbo la kiganja havitoshi hata kidogo. Katika nchi za tropiki familia ya mizabibu, Vitaceae, ina jenasi (makundi ya spishi zenye undugu wa karibu) kadhaa zinazofanana kwa mbali, na ipo mimea isiyo na undugu nayo yenye sura hiyohiyo, mingine ikiwa na sumu. Tazama kikono kwanza, yaani uzi ambao mmea hujishikilia nao unapopanda, kisha tumba la ua, kisha mbegu. Jani liache mwisho.

Shika shina changa ulifuate kifundo kwa kifundo, yaani kila mahali jani linapoota. Kwenye Vitaceae kikono hutoka kwenye kifundo, upande wa pili wa shina, kikitazamana na jani. Kikitoka kwapani mwa jani, kwenye pembe kati ya jani na shina, hapo uko kwa jamaa ya pasheni: Passiflora au Adenia. Kikitoka ubavuni mwa kikonyo cha jani, kwa pembe ya karibu nyuzi 90, hiyo ni jamaa ya maboga. Vikiwa viwili, vimeota kwenye kikonyo chenyewe, na shina lina miiba, ni Smilax. Kata shina pia: Vitaceae hutoa majimaji maangavu, wakati mwingine mengi sana. Ukiona utomvu mweupe mzito, ondoa familia hii kwenye hesabu.

Usihukumu kwa kifundo kimoja. Mizabibu mingi huwa na vikono kwenye vifundo viwili mfululizo, cha tatu kikawa kitupu, kwa hiyo kagua vifundo sita au zaidi. Kumbuka pia kwamba kikono na shada la maua kwa asili ni kiungo kimoja, ndiyo maana mara nyingi utakuta shada limekaa pale ambapo ungetarajia kikono. Baadhi ya Cyphostemma, jenasi mojawapo ya familia hii, husimama wima bila vikono kabisa, na Leea, ambayo nayo ni ya familia hii, ni kichaka tu.

Kwenye maua ndiko jenasi zinakotengana. Beba lenzi ya kukuza mara 10 na wembe, uchague matumba yaliyokaribia kufunguka, kwa sababu petali huanguka mapema mno. Zikishaanguka, hesabu stameni, vijiti vya ua vinavyobeba chavua. Idadi ni ileile, na kila stameni hukaa mbele ya petali, si katikati ya petali mbili. Petali tano zilizogandana kwenye ncha na kudondoka pamoja kama kofia ni Vitis. Kusini mwa Sahara hakuna Vitis ya asili, kwa hiyo ukiikuta porini huko, ni mzabibu uliopandwa au uliotoroka shambani. Petali nne au tano zilizoachana, na kikono kimeota kwenye kikonyo cha shada lenyewe: Ampelocissus. Petali tano hadi saba, nene, kwenye mmea wa Afrika: Rhoicissus.

Petali zikiwa nne, hapo ndipo makosa mengi hutokea. Litazame tumba kwa ubavu. La Cyphostemma limebanwa katikati mithili ya chupa yenye kiuno, na ukilifungua utaona tezi nne za nekta zilizosimama mbalimbali kuizunguka ovari, sehemu inayokuja kuwa tunda. La Cissus halina kiuno hicho, na nekta yake hutoka kwenye kisahani kimoja kilichoizunguka ovari. Shada lake hutazamana na jani, na jani kwa kawaida halijagawanyika. Cayratia nayo haina kiuno, lakini shada lake hutoka kwapani mwa jani, na jani limegawanyika vipande vitatu, vitano au zaidi. Huko Asia ongeza Tetrastigma, ambayo stigma yake, ncha inayopokea chavua, imepasuka mara nne. Ichunguze kwa heshima, maana Rafflesia, ua kubwa kuliko yote duniani, huishi kwa kuinyonya.

Mbegu husaidia pale maua yalipokwisha. Iloweke, isugue hadi nyama itoke, uigeuze: upande wa tumbo wa mbegu ya Vitaceae una mifereji miwili yenye tuta katikati. Cissus mara nyingi huwa na mbegu moja tu kwa tunda. Mbegu iliyojikunja kama kiatu cha farasi inakuonya kuwa uko kwa Menispermaceae, ambazo hupanda kwa kujisokota bila vikono na nyingine ni sumu. Hata ukithibitisha Vitaceae, usionje. Nyingi zina fuwele za kalsiamu oksaleti zenye ncha kali, zinazochoma mdomo na koo na kuwasha ngozi. Vaa glavu.

Jani linadanganya kwa sababu shina moja linaweza kuwa na jani zima chini na jani lililogawanyika juu. Chukua majani matatu: la chini, la katikati na la karibu na maua. Shina lenye pembe nne na nyama nene, lililobanwa kwenye vifundo, ni Cissus quadrangularis, na huyo hahitaji lenzi.

Unapokausha sampuli, weka matumba machache kwenye alkoholi ya asilimia 70, kwani yakibanwa hupoteza umbo. Kuwa mwangalifu na lebo za zamani za hebaria, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa: Cyphostemma nyingi ziliwahi kuitwa Cissus. Ukikuta lebo ya Cissus juu ya matumba yenye kiuno na jani la vipande vitano, hamishia sampuli hiyo kwenye Cyphostemma.