Mzee wa Nørrebrogade hakushuka hata mara moja

Mmeuliza wiki hii ni kitu gani kidogo mtu alikiona safarini na hakijamtoka akilini mpaka leo. Mimi nasomea usanifu majengo hapa Nairobi, mwaka juzi nikapata nafasi ya kusoma Copenhagen miezi minne, na kila tukipewa mapumziko nilikuwa napanda treni au basi kuzunguka Denmark, Uswidi na Norwe kuangalia majengo. Niliyaona makubwa yenye sifa, lakini jibu langu ni njia ya miguu. Ile ya kawaida tu ya pembeni ya barabara.

Ilikuwa wiki yangu ya pili, niko Nørrebrogade, barabara moja kubwa ya Copenhagen, nangoja basi na baridi imenishika, nikaona mzee wa kama miaka 80 anasukuma kile kigari cha magurudumu ambacho wazee wa huko hukiegemea wakitembea, mfuko wa mkate umening'inia mbele. Akapita njia ya kwanza inayoingia mtaani, akapita ya pili, ya tatu, na hakushuka hata mara moja. Nikaenda kuangalia imewezekanaje. Kumbe pale ambapo njia ndogo inaingia barabara kubwa, njia ya miguu haikatiki, inaendelea na vigae vyake vilevile vya saruji na vijiwe vya granaiti katikati, gari ndilo linapanda kidogo kuvuka alafu linashuka, na kisheria dereva ndiye anayesubiri maana hapo ameingia kwa watu wa miguu. Njia ya baiskeli nayo ina kimo chake, juu ya lami kidogo, chini ya njia ya miguu kidogo, yaani mguu wenyewe unakwambia uko wapi.

Basi likaniacha. Nilikuwa namfikiria nyanya yangu.

Nyanya ana miaka 76, goti la kulia limeisha, na kutoka kwake hadi kanisani mimi natembea dakika 10. Njia ya miguu ipo, ilijengwa, siwezi kusema hakuna, lakini kila ukienda kidogo inakatwa na geti la mtu au mlango wa stesheni ya mafuta, unashuka, unapanda, unashuka tena, alafu kuna mtaro ambao kifuniko kilienda zamani. Siku hizi ibada anaisikiliza redioni. Nyumbani wote tulikuwa tunasema ni uzee, hata mimi ninayesomea haya mambo, na ni pale Nørrebrogade nilipofikiria mara ya kwanza kwamba pengine hilo goti lingemfikisha kanisani kama hangekuwa anashushwa na kupandishwa njia nzima.

Najua kuna mtu atasema hao ni Wazungu, wana pesa, wamezoea. Hawakuzaliwa hivyo. Strøget, ule mtaa wao maarufu wa kutembea, ulifungiwa magari Novemba 1962 na wenye maduka wengi walipinga, wakasema biashara itakufa, na kuna waliosema Wadenmark si Waitaliano wa kuzurura nje kwenye baridi. Viwanja vya katikati ya mji vilikuwa vimejaa magari yameegeshwa. Shida ya mafuta ya 1973, yalipoadimika na kupanda bei, ndiyo iliyosukuma watu zaidi kuacha magari, na wenye baiskeli waliandamana sana miaka ile. Waliugombania huo mji, na mimi hilo linanipa moyo kuliko jengo lolote nililopiga picha.

Oslo nilipanda paa la jumba la opera, la 2008, marumaru nyeupe inashuka mpaka majini na hakuna anayekuuliza unaenda wapi. Nililipenda, ila lina vikingo vingi vya kujikwaa na nyanya nisingempeleka pale. Stockholm nilikaa siku mbili, na kilichonishika ni makaburi ya Skogskyrkogården, kazi ya Gunnar Asplund na Sigurd Lewerentz. Kuna kilima chenye miti juu, na ngazi za kukipanda zimetengenezwa hivi: kadiri unavyopanda, kimo cha kila kidato kinapungua kidogo, ili mtu aliyetoka kuzika afike juu bila kuhema. Nilizipanda mara tatu. Kuna mtu alikaa na karatasi akafikiria pumzi ya mfiwa!

Darasani tumefundishwa KICC, lile jumba la mikutano la hapa Nairobi, vizuri sana, jinsi Karl Henrik Nøstvik wa Norwe na David Mutiso wetu walivyoichora, ikafunguliwa 1973, na naipenda hiyo kazi kwa moyo. Ila sikumbuki siku hata moja tukiulizwa mtu wa mkongojo anafikaje pale kutoka steji.

Mradi wangu wa mwisho sasa ni hiyo njia ya kanisani. Nimeitembea na tepu ya kupimia, kuna mahali ukingo una sentimita 24. Nimechora njia iendelee juu bila kukatika kwenye kila geti, magari yapande. Nikamwonyesha nyanya mchoro, akauangalia sana, akauliza, "Na hawa wa bodaboda si ndio watafurahi, wapate barabara yao?" Nikarudi mezani. Nimejaribu nguzo fupi, lakini zikikaribiana kuzuia pikipiki zinazuia pia kiti cha magurudumu, kwa hivyo bado nachora.