Barua kwa mwanangu: kuhusu mchango wa Malawi

Nansio, Ukerewe
Machi 2023

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umepita nyumba kwa nyumba hapo Mabatini, Mwanza, ukiomba mchango wa waliokumbwa na kimbunga Malawi, na wengi wamekujibu, "Sisi wenyewe unga unatushinda, Malawi tutaiweza?" Unauliza uwaambie nini.

Kwanza usigombane nao. Anayesema hali ngumu hasemi uongo. Waeleze tu kilichotokea, tena taratibu, maana wengi wamesikia jina la Freddy redioni, basi. Kimbunga hicho kilianzia upande wa Australia mwezi wa pili, kikavuka Bahari ya Hindi yote, kikaipiga Madagaska na Msumbiji, kikarudia tena, ndipo kikamwaga mvua kusini mwa Malawi. Kule Blantyre watu wamejenga vilimani kama nyie. Tope na mawe yakawashukia usiku, wamelala. Mtu wa Mabatini mwenye jabali juu ya paa lake hahitaji kuelezwa mara mbili. Na mahindi yalikuwa bado shambani, na kipindupindu kilikuwa kimeshaua zaidi ya watu 1,500 kabla ya mvua hiyo.

Wakiuliza inatuhusu nini, wakumbushe kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka 20 Septemba 2018. Walikufa zaidi ya watu 220 hapo kisiwani Ukara. Mwanangu, mimi nilikuwepo Bwisya. Tulipika uji kwa ajili ya waliokuwa wakisubiri miili ya ndugu zao, na unga ule hatukuununua sisi. Uliletwa na watu ambao Ukara hawajawahi kuikanyaga.

Nguo kuukuu usipokee, nauli ya kuzifikisha huko inazidi bei yake. Chukua fedha, hata mia tano, na uandike kila kitu kwenye daftari ambalo yeyote anaweza kulifunua. Mwombe mwenyekiti wa mtaa asaini. Peleka Msalaba Mwekundu, udai risiti. Majina ya wasiotoa usiyataje popote. Hilo nakusihi sana.

Kikundi chetu tumechanga kidogo, mvua imetuozeshea dagaa wakiwa wameanikwa mchangani. Nimekutumia kwa simu jana jioni. Andika jina la kikundi, si langu, na risiti ukiipata ipige picha unitumie, niwaonyeshe wenzangu Jumapili.

Mama yako