Kabla hujaomba namba, uliza simu inalala wapi

Jumatatu nimepata meseji ya dada mmoja nesi wa Geita, ndo kwanza ameajiriwa, anauliza "sista, ni apu gani nzuri ya kufuatilia wagonjwa wakiwa kwao?" Nikaanza kumrekodia sauti, kufika dakika ya saba nikaona huyu namchosha bure, bora niandike hapa maana najua mpo wengi mnaolitaka hili, nani asiyetaka kujua hali ya mgonjwa wake bila kupanda mtumbwi kila wiki.

Mimi niko kituo kimoja cha afya upande wa Sengerema, mwaka wa tisa huu. Nilianza na WhatsApp tu, hakuna mradi wala nini, bando langu, simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Siku moja mkubwa wangu wa kazi akaniambia mbele ya wenzangu kwamba nesi anayechati zamu nzima hana wito. Sijasahau. Na siku hiyo nilikuwa nachati na mzee wa sukari aliyeniandikia "18" peke yake, basi. Kumbe mashine yake ni ile inayohesabu kwa milimoli, ukizidisha mara 18 unapata miligramu 324, iko juu mno! Yeye alikuwa ametulia kabisa, anaona yake ndogo kwa sababu ya jirani yake, ile ya miligramu, inaandika 110, 120. Ndo huko kuchati kwenyewe.

Haya, hayo ya sifa. Sasa la aibu.

Nilikuwa na mama mmoja wa kisiwa cha Kome, mimba wiki ya 34, kliniki tukamkuta na presha 150/100, akaanzishiwa dawa, kaka yake akamnunulia mashine ya kupimia. Tukakubaliana anipimie asubuhi na jioni anitumie. Wiki mbili namba zinaingia bila kukosa, 140/90, 138/88, mpaka nikaanza kuwaonyesha wenzangu simu, oneni kazi. Halafu kimya, siku ya kwanza, ya pili. Ya tatu jioni nikaandika "vipi presha ya mama?" Jibu likaja muda huohuo: "Yupo poa sista" na kidole gumba. Nikalala.

Simu ilikuwa ya mume. Mume ni mvuvi wa dagaa, na giza lilikuwa limeingia. Mnaoishi huku mnajua, mbalamwezi ikiwepo wanapumzika, giza likianza kila usiku taa ziko ziwani, na simu inaenda na mwenyewe. Ile "poa" iliandikwa ndani ya mtumbwi na mtu aliyemwacha mkewe saa kumi na moja jioni amejilaza, kichwa kinamgonga kidogo. Wala hakudanganya, kwa alivyomuona alikuwa poa.

Asubuhi kivuko cha kwanza wifi yake kamleta, uso umevimba, anasema anaona vimulimuli. Nikapima, 172/116. Mkononi ana karatasi ya daftari, penseli, 158/104, 164/108, 168/112, kaandika na saa pembeni kama nilivyomfundisha, hana pa kuzituma. Ile karatasi ninayo mpaka leo kwenye begi. Tukamchoma magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba, na dawa ya kushusha presha, tukapiga 115 ya m-mama, ile ya usafiri wa dharura wa wajawazito, gari likaja, na Mungu ambariki kila aliyebeba zege la lile daraja la Kigongo-Busisi maana lilikuwa limeshafunguliwa, Juni 2025, kilomita 3 unapita tu, nakumbuka tulivyokuwa tunasubiri panton na mgonjwa ndani ya gari. Akajifungua kwa upasuaji Mwanza, mtoto kilo 1.8. Wako hai wote wawili.

Kwa hiyo manesi wenzangu, namba ya simu siyo mgonjwa. Uliza simu ni ya nani, usiku inalala wapi, meseji nani anazisoma, inachajiwa nyumbani au inashinda kibandani kwa mchajishaji. Chukua namba ya pili na ya tatu, wifi, jirani, mhudumu wa afya wa kijiji. Na neno poa usilipokee tena maishani mwako! Omba namba za mashine au sauti yake mwenyewe. Mwambie apumzike dakika 5 ndo apime, mkono usawa wa moyo, asiongee. Mjamzito akifika 160/110 hapo hakuna kuchati, aje, na kichwa kikali au macho kuona nyotanyota au maumivu juu ya tumbo aje hata kama mashine inasema nzuri. Kitochi kinatosha kwa haya yote. Na simu ni ya nani, narudia, uliza.

Lingine, acheni kutupia picha za vidonda vya watu kwenye magrupu eti mnaomba ushauri, jina la mgonjwa linasomeka kwenye kadi pembeni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, ila mimi nakuuliza tu, ungekuwa mguu wa mama yako? Mnaona raha sana kuonekana mnajua.

Wiki iliyopita niliitwa kuwaeleza wenzangu wa vituo vingine hiki ninachofanya. Nikaanza na ile karatasi ya penseli. Yule mkubwa wangu alikaa mstari wa mbele, akapiga makofi kuliko wote, kuhusu wito hakusema kitu. Nami nikamsalimia vizuri tu, shikamoo.

Basi dada wa Geita, apu ni yoyote, hiyohiyo uliyonayo. Ila nijibu kwanza, hao wa kwako waume zao si wachimbaji? Simu zinabaki nyumbani, au zinashuka nao shimoni?