Nyumba ya mlimani ya Pilatte: je, nyufa zake zinazibika?

SWALI: Mhandisi, salamu. Ninaishi Grenoble, Ufaransa, na kila Aprili mimi na wenzangu hupanda milima ya Écrins kuteleza kwenye theluji kwa ski. Nyumba ya Pilatte tuliyokuwa tukilala ilifungwa mwaka 2021 kwa sababu ya nyufa, na mpaka sasa hatujui hatima yake. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nini nyufa hizo zisizibwe, msingi ukafungwa vyuma, watu wakaendelea kulala humo?

JIBU: Ndugu msomaji, kuziba kuta ni kazi ya siku chache tu, na kama shida ingeishia ukutani nyumba hiyo ingekuwa wazi leo. Ufa unaouona umeanzia chini, ndani ya mwamba wenyewe, na saruji yoyote utakayoijaza itapasuka tena, kwa kuwa ardhi iliyo chini ya nyumba haisogei yote kwa pamoja.

Pilatte ilijengwa mwaka 1954, kwenye mwinuko wa mita 2,577, kando ya bonde lililokuwa limejaa barafuto, yaani mto wa barafu unaoteremka mlimani polepole. Barafuto huukwangua mteremko kwa maelfu ya miaka na kuufanya uwe mkali, lakini wakati huohuo huuegemea na kuuzuia usiporomoke. Barafu inapoyeyuka na kushuka, mteremko ule mkali hukosa egemeo: miamba iliyokuwa imebanwa hulegea, mipasuko ya zamani hufunguka, na pande zima la mlima huanza kuelemea bondeni polepole. Siku hizi kila nyumba ya mlimani inapopasuka husemwa kwamba ardhi iliyoganda mwaka mzima imeyeyuka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Hochwildehaus, nyumba ya mlimani ya Austria, iliyofungwa mwaka 2016. Kwa Pilatte, hata hivyo, sababu kuu ni kuondoka kwa egemeo, na tofauti hiyo si ndogo, kwa maana nyumba iliyotitia juu ya barafu ya ardhini mara nyingine huweza kuinuliwa kwa jeki na kuwekewa nguzo za kurekebishika, ilhali nyumba iliyokalia mwamba unaoachana haina mahali pa kuwekea jeki hiyo.

Nikueleze jinsi ufa unavyopimwa, kwa sababu uamuzi wote hutegemea hapo. Vipande viwili vya plastiki angavu hugundishwa ukutani, kimoja kila upande wa ufa, vikipandana katikati. Kimoja kina miraba ya milimita, kingine kina alama ya msalaba. Ufa ukitanuka, msalaba huhama juu ya miraba, nawe unasoma umehamia wapi na kwa kiasi gani. Kusoma mara moja hakutoshi. Mwamba hunywea wakati wa baridi na kutanuka wakati wa joto, hivyo ufa wowote hufunguka na kujifunga kidogo ndani ya mwaka, na hilo peke yake halitishi. Kinachotisha ni pale msalaba unaposhindwa kurudi ulipokuwa mwaka uliopita, ukasogea mbele mwaka baada ya mwaka.

Kuhusu kufunga vyuma, jambo hilo limewahi kufaulu. Agosti 1998, mwamba uliokuwa chini ya nyumba ya Cosmiques, karibu na Chamonix, uliporomoka, ikabidi nyumba ifungwe kwa muda. Mafundi walitoboa mwamba, wakaingiza nondo ndefu za nanga, wakazijaza saruji, na nyumba ikafunguliwa. Kule, hata hivyo, sehemu iliyolegea ilikuwa ndogo, na kituo cha gari la kamba cha Aiguille du Midi kiko jirani, jambo linalorahisisha kufikisha vifaa. Nanga haina kazi mpaka ipite sehemu yote inayosogea na kushika mwamba uliotulia nyuma yake. Pande linalosogea likiwa nene kwa makumi ya mita, utahitaji nanga nyingi ndefu, na mashine, maji na saruji vyote vipelekwe kwa helikopta. Mimi nisingemshauri mteja yeyote atumie fedha zake hivyo kwa ajili ya jengo la zaidi ya miaka 70.

Zaidi ya hayo, njia yenyewe imeharibika. Juni 2024 mafuriko ya matope na mawe yaliivamia La Bérarde, kijiji ambako safari ya kwenda Pilatte huanzia, na watu wakaokolewa kwa helikopta. Sioni busara ya kuamua lolote juu ya nyumba iliyo juu kabla ya kujulikana barabara na kijiji kilicho chini vitakuwaje.

Kwa maoni yangu, nyumba ya zamani ivunjwe na mabaki yake yateremshwe, kwa kuwa eneo hilo liko ndani ya hifadhi ya taifa. Kama bado kuna haja ya malazi, ijengwe nyumba ndogo, nyepesi, mahali pengine ambapo mwamba umepimwa kwa miaka kadhaa, njia za maporomoko ya theluji zimechorwa, na chanzo cha maji kimethibitishwa, maana nyumba nyingi za huko hunywa maji ya barafu ileile inayokwisha.

Wewe na wenzako msiingie humo hata kwa usiku mmoja wa dhoruba. Theluji ya Aprili hufunika nyufa lakini haiuzuii mwamba kusogea. Kabla ya kuondoka Grenoble, ulizeni shirikisho la vilabu vya milima la Ufaransa ni nyumba gani ya jirani iliyo wazi, kisha mpange safari yenu kuanzia huko.