Kabla hujamlipa mtafuta maji kwa nyaya

Ndugu yangu, umeuliza kama umwamini mzee anayetembea shambani kwako na nyaya mbili zilizopindwa, zikipishana anasema chimba hapa. Usimlipe bado. Mwambie aweke alama kadhaa, kisha mfunge kitambaa machoni, mzungushe, arudie. Uone kama ataangukia palepale. Nyaya husukumwa na misuli ya mikono yake bila mwenyewe kujijua. Chevreul, mkemia Mfaransa, alilieleza jambo hilo kwa pendulamu, yaani kitu kizito kinachoning'inia kwenye uzi, mwaka 1833. Kwa hiyo huenda wala si tapeli. Kwamba visima vyake vya nyuma vilitoa maji si hoja: sehemu nyingi ukichimba kina cha kutosha unayapata. Hela hiyo mpe mtaalamu wa maji ya ardhini apime ukinzani wa umeme, yaani jinsi ardhi inavyozuia umeme kupita. Naye hukosea, ila atakuachia vipimo ambavyo mwenzake anaweza kuvikagua.