Usianze na Haiti na Chile

Mkuu, futa hiyo slaidi kabla hujaingia darasani. Unataka kufungua mada ya sababu za kijamii za majanga kwa matetemeko ya Haiti na Chile ya 2010, halafu tukusaidie kutunga mtihani. Tuanze na slaidi.

Mlinganisho huo unavutia: Haiti ukubwa wa 7.0, waliokufa zaidi ya 100,000, Chile 8.8, waliokufa 500 na kidogo. Basi, umaskini umeua! Nilifundisha hivyo hivyo. Mwanafunzi aliyesoma jiografia ananyoosha mkono: kitovu cha Haiti kilikuwa kama kilomita 25 tu kutoka mji mkuu, Port-au-Prince, tena kina kifupi, cha Chile kilikuwa baharini, chini zaidi. Umekwama. Vitu vingi vinatofautiana kwa mpigo, huwezi kuonyesha kipi kimeua. Darasa linahamia kwenye miamba, na hata kanuni za ujenzi za Chile, ambazo kweli ziliokoa watu, hazisikilizwi tena. Mwezeshaji aliyetugawia mfano huu kwenye semina hakutaja kina wala umbali. Alitukosea sana.

Shika hili: janga lile lile, mahali pale pale, kisha uliza nani kaumia. Joto kali la Chicago, Marekani, la Julai 1995 liliua zaidi ya watu 700. Mitaa miwili ya huko, North Lawndale na South Lawndale, inapakana, na wazee maskini wanaoishi peke yao walikuwa wengi kote kuwili. Vifo: 40 kwa kila watu 100,000 North, 4 South. North maduka yalishafungwa, mitaa mitupu, wazee wanaogopa kutoka. South barabara zimejaa watu, mzee anatoka na anaonekana. Hapo hata jibu la "umaskini" halitoshi, na sosholojia ndiyo inaanza.

Kisha watoe wanafunzi nje: mteremko mmoja hapa Mbeya, au bonde moja Kyela. Kila kikundi nyumba kumi. Wapime kwa kamba hadi ukingo wa mto (sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60), waandike tofali mbichi au za kuchoma, msingi wa mawe upo au haupo, mpangaji au mwenye nyumba. Waonyeshe alama ya maji ukutani: tofali mbichi zikilowa kozi (mistari ya tofali) mbili tatu za chini zinalainika, na ukuta unaweza kuanguka mvua imeshakatika. Wakisema "walijenga bondeni wenyewe", waulize nani aliwauzia, na kiwanja cha juu kilikuwa bei gani.

Pitieni kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza. Watu wakiona kamba karibu na mto wanadhani mmekuja kuchora X za kubomoa, na hamtajibiwa hata salamu.